Kamera ya godauni na anwani isiyofikika

Fundi wa kamera akifunga mitambo kwenye godauni la Enterprise Road, Industrial Area, kazi ya ndani haimsumbui. Kamera inapewa anwani, tuseme 192.168.1.108, na picha zinatokea ofisini. Balaa huanza mwenye mali anapotaka kuziona akiwa nyumbani. Fundi anaingia kwenye ruta, anatazama anwani iliyotoka kwa mtoa huduma, anakuta inaanza na 100.64. Hapo amekwama. Fungu hilo, hadi 100.127, lilitengwa mwaka 2012 ili watoa huduma wawaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Ni kama jengo lenye wapangaji mia na askari mmoja getini: anayetoka hupita, lakini mgeni anayebisha hodi hana wa kumwelekeza mlango.

Ubanaji huu una sababu. IPv4, toleo la itifaki ya intaneti lililochapishwa mwaka 1981, lina anwani za biti 32, kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Akiba kuu ilimalizika Februari 2011. AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linaloigawia Afrika anwani, lilianza kubana mgao Aprili 2017, likakaza zaidi Januari 2020.

Mrithi wake, IPv6 ya mwaka 1998, ana anwani za biti 128. Wengi husifu wingi huo. Mimi navutiwa zaidi na kichwa cha pakiti, yaani maelezo yanayotangulia kila kifurushi cha data. Anwani mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, zilichukua baiti 8. Sasa zinachukua 32. Hata hivyo kichwa kizima kimetoka baiti 20 hadi 40 tu, kwa sababu wabunifu walipunguza mengine yote kutoka baiti 12 hadi 8. Hesabu ya ukaguzi, ambayo kila ruta ililazimika kuikokotoa upya, iliondolewa. Ruta za njiani pia haziruhusiwi tena kukatakata pakiti. Mtumaji ndiye anayepima ukubwa unaopita. Hiyo ni kazi safi.

Walipokosea, kwa maoni yangu, ni kutoyapatanisha matoleo mawili. Kifaa kinachojua IPv4 pekee hakiwezi kuzungumza moja kwa moja na cha IPv6, kwa hiyo mitandao imelazimika kuyabeba yote mawili kwa miaka mingi, na asiyeona faida ya haraka hahami.

Kwenye godauni letu faida ipo. Kamera ikipata anwani yake ya IPv6, hufikiwa bila kumpitia mtu wa kati, mradi simu ya mwenye mali nayo iko kwenye mtandao wenye IPv6. Lakini kinachofikiwa na mwenyewe hufikiwa na mwizi pia, hivyo fayawoli ya ruta lazima ifunge kila kitu isipokuwa ulichoruhusu.

Fundi, kabla mteja hajatia saini mkataba wa intaneti, muulize mtoa huduma maswali mawili: mnatoa IPv6, na fayawoli yake naisimamia mimi?