Chumvi Isiyoganda na Utando Mweusi

Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi joto 801 za Selsiasi. Zipo chumvi nyingine ambazo ni majimaji hata katika joto la chumbani, kwa kuwa kationi zake ni kubwa, hazina ulinganifu, na hazipangiki na anioni kwa nidhamu ya fuwele. Humo wanakemia hukuza tando za polima zinazopitisha umeme.

Tuchukue polipiroli. Piroli huchanganywa kwenye chumvi hiyo, kisha elektrodi chanya hutiwa umeme. Molekuli inayoifikia hunyang'anywa elektroni moja. Mbili zilizopokonywa hushikana na kuachia protoni. Mnyororo ukirefuka hushindwa kubaki ndani ya kimiminika, hutua juu ya metali, na utando mweusi huonekana. Unabaki na chaji chanya, takriban moja kwa kila pete tatu au nne, hivyo lazima anioni ziingie kuisawazisha. Anayetumia kiyeyusho cha kawaida kama asetonitraili huongeza chumvi ili azipate. Hapa hakuna cha kuongeza: kimiminika chote ni ioni.

Pickup na Osteryoung walifanya hivyo mwaka 1984 ndani ya kloroalumineti, chumvi isiyovumilia unyevu hata kidogo: ikikutana na maji hutoa kloridi ya hidrojeni. Mwaka 1992 Wilkes na Zaworotko walieleza chumvi za imidazoli zinazostahimili hewa na maji, na mlango ukafunguka.

Kazi ninayoistahi zaidi ni ya Wen Lu na wenzake, katika jarida la Science, 2002. Polianilini, polipiroli na politiofeni zilichajiwa na kutolewa chaji ndani ya chumvi hizo, katika hewa ya kawaida, hadi mara milioni 1 bila kuharibika, nazo zikabadilika kwa milisekunde 100. Siri kubwa ni kwamba kimiminika hakikauki, tena huhimili volti nyingi kabla hakijavunjika.

Gharama yake ni mnato. Chumvi ya butilimethilimidazoli yenye heksafluorofosfeti ina mnato unaouzidi ule wa maji kwa mara mia kadhaa, hivyo piroli hujikokota na utando hukua polepole. Kisha lipo jambo ambalo mtengenezaji wa misuli bandia, yaani tando zinazojikunja na kujikunjua kwa umeme, hawezi kulipuuza. Chaji ikiondolewa, tungetarajia anioni zitoke na utando usinyae. Anioni zikinasa ndani, kationi ndizo huingia, na utando uleule huvimba. Kwa hiyo kabla ya kuamua volti ipi ikunje na ipi ikunjue, mtengenezaji hupima kwanza ni ioni gani inayotembea.