Nyasi Zilizokauka Mita Nane Kutoka kwenye Pampu

Bustani yenyewe iko Kigamboni, kwenye kiwanja cha mchanga: ukoka wa mita 14 kwa 8, springla sita za kuzunguka, na pampu inayovuta maji kwenye simtanki. Springla nne ziko kwenye kona, mbili ziko katikati ya mbavu ndefu. Upande wa kushoto ukoka ulikuwa umenona, ukikanyaga maji yanatoka. Upande wa kulia ulikuwa umekauka hadi kufanana na makuti. Mwenye nyumba alishauriwa kwanza aongeze muda wa kumwagilia. Hilo lisipofaa, anunue pampu kubwa. Ni ushauri unaotolewa kila siku, na kwa bustani hii ungemtia hasara mara mbili.

Fundi aliyeitwa safari hii hakuanza kuchimba. Alipanga makopo 16 ya maziwa ya unga, yote ya ukubwa mmoja na yenye kuta zilizonyooka, kwa mistari inayolingana uwanja mzima. Akawasha pampu nusu saa, kisha akapima kina cha maji katika kila kopo kwa rula. Njia hii ina umri mkubwa: J. E. Christiansen wa Chuo Kikuu cha California alichapisha hesabu zake za kupima usawa wa springla mwaka 1942, na mpaka leo hakuna kifaa cha bei ya makopo kinachosema ukweli mwingi kiasi hicho.

Wastani wa makopo yote ulikuwa milimita 8. Kopo la kona iliyo jirani na pampu lilipata 15. Manne yaliyopata kidogo kuliko yote, karibu yote ya upande wa kulia, yalikuwa na wastani wa milimita 3. Kipimo cha usawa hupatikana kwa kuchukua wastani wa robo ya makopo yaliyopata kidogo na kuugawa kwa wastani wa makopo yote. Hapa tatu kwa nane ni kama asilimia 38. Kwa springla za kuzunguka, asilimia 70 kwenda juu ndiyo kazi ya kuridhisha.

Namba hizo pekee zinatosha kuukataa ushauri wa kwanza. Ili upande mkavu upate milimita 6, pampu ingebidi ifanye kazi saa nzima. Kwa muda huo springla zingetumia karibu lita 2,000, na ile kona ya pampu ingepokea milimita 30, kiasi ambacho mchanga hauwezi kukishikilia kwenye kina cha mizizi ya ukoka. Maji hayo yanazama chini pamoja na mbolea ambayo mtu ameilipia. Ukiongeza muda, kinachonufaika zaidi ni kona isiyokuwa na shida.

Baada ya makopo, fundi alifungua springla zote na kutoa filta zake ndogo. Nilipenda mpangilio huu: usafi haugharimu kitu, na springla iliyoziba ingemdanganya kwenye vipimo vinavyofuata. Filta ya springla ya sita ilikuwa imeshindiliwa chenga nyeupe za plastiki, mabaki ya msumeno wa siku bomba lilipokatwa, zikiwa zimegandamana na mchanga. Taka za ndani ya bomba husukumwa mpaka mwisho wa laini. Springla ya tano ilikuwa na tatizo jingine: imezama, hata ikiinuka, kichwa chake kinabaki chini ya ncha za nyasi, na maji yanagonga majani badala ya kuruka juu yake. Kipande kifupi cha bomba kiliipandisha.

Ndipo akafunga geji ya presha. Kwenye springla ya kwanza, jirani na pampu, ilisoma baa 2.5. Kwenye ya sita ilisoma 1.7. Mwenye nyumba alishangaa, kwa sababu kwa macho springla hizo mbili zinatazamana, mita 8 tu kati yao. Lakini bomba la nusu inchi lilikuwa limetoka kwenye ile ya kwanza, likafuata ubavu wa kushoto mpaka nyuma, likakata kwenda kulia, kisha likarudi mbele. Maji yalisafiri mita 36 ardhini kufika mahali ambapo mtu angefika kwa hatua chache.

Kanuni ya kazi ni kwamba springla za laini moja zisipishane presha kwa zaidi ya asilimia 20. Hapa tofauti ilikuwa asilimia 32. Kiasi cha maji hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo springla ya sita ilikuwa ikitoa karibu asilimia 18 pungufu. Kibaya zaidi, mrusho wake ulikuwa umefupika. Springla hupangwa ili maji ya moja yafike kwenye shina la mwenzake. Yakiishia njiani, sehemu ya katikati inabaki na mpaji mmoja badala ya wawili.

Je, pampu kubwa ingesaidia? Maji yakiongezeka mara mbili ndani ya bomba lile lile, presha inayopotea kwa msuguano huongezeka zaidi ya mara tatu na nusu. Pampu ingesukuma zaidi na bomba lingekula zaidi. Springla ya kwanza, kwa kuzidiwa presha, ingevunja maji kuwa ukungu, na upepo wa bahari wa mchana ungeuhamishia kwa jirani.

Suluhisho lilikuwa mita 8 za bomba, kutoka springla ya sita kurudi kwenye ya kwanza. Laini ikawa mzunguko, maji yakafika nyuma kwa njia mbili, kila upande ukibeba takriban nusu. Tofauti ya presha ilishuka chini ya baa 0.2. Kabla ya kuufunga mzunguko alitoa nozeli, akawasha pampu na kuacha maji yatoke mpaka yakawa safi, kwa sababu mzunguko hauna ncha ya kusukumia taka. Kisha akafunga filta kubwa baada ya pampu. Anayeiga kazi hii asiiruke hatua hiyo.

Lakini asilimia 18 haielezi kwa nini kopo moja lipate 15 na mengine 3. Hata filta iliyoziba haielezi yote. Kosa lililobaki lilikuwa kwenye nozeli: zote sita zilikuwa za namba moja. Springla ya kona inazunguka robo duara, ya ubavuni nusu duara. Zikitoa lita sawa, ya kona inamwaga maji yale yale kwenye nusu ya eneo, yaani kina mara mbili. Hili hupita machoni pa mafundi wengi kwa kuwa kila springla ikitazamwa peke yake inafanya kazi vizuri. Kwenye kona ziliwekwa nozeli za lita 4 kwa dakika, ubavuni za lita 8.

Makopo yalirudishwa mahali pake, safari hii alfajiri kabla upepo haujaamka. Wastani ulibaki milimita 8, na robo ya chini ikapanda hadi 6: asilimia 75, kwa nusu saa na maji yasiyofika lita 1,000. Pampu ni ile ile. Chini ya mwarobaini ulio nyuma kuna kipande ambacho bado ni kikavu, kwa sababu shina linakinga mrusho na mizizi inashindana na ukoka. Hicho kinamwagiliwa kwa mpira wa mkono.