Machozi ya Bibi Arusi

Wako wasemao kwamba filamu za Hong Kong ni ngumi na visu tu. Hata mimi naliamini hivyo, mpaka nilipoitazama A Moment of Romance, filamu ya Kikantoni iliyoongozwa na Benny Chan mwaka 1990. Wah Dee, dereva wa majambazi anayeigizwa na Andy Lau, amteka binti wa kitajiri. Mateka akageuka mpenzi. Mwishoni wavunja kioo cha duka wapate mavazi ya arusi. Binti akiwa kanisani anasali, kijana amwacha kimya kimya, aende kulipiza kisasi na kufa. Bibi arusi atoka mbio barabarani, miguu mitupu, akimtafuta. Ujambazi siutetei. Lakini mapigano nimekwisha kuyasahau. Mbio zile, kamwe. Machozi huletwa na buriani iliyokosekana kuliko damu iliyomwagika.