Haijafa, Tuiulize Kwanza

"Fundi, hii imekufa," alisema mwalimu, akiitua mezani kompyuta ya shule yao, ile ya zamani yenye boksi zito la bati.

"Haijafa, Mwalimu. Tuiulize kwanza. Ilizimaje? Umeme ulikatika? Ulisikia harufu ya kuungua?"

Nilikuwa nimekaa pembeni katika kibanda cha fundi huyo, Kariakoo, nikisubiri kifaa changu, nikasahau hata kilichonileta. Fundi alikuwa hajashika bisibisi. Alikuwa anasikiliza.

Neno "imekufa" hubeba maradhi mawili tofauti kabisa: kuna kompyuta isiyopata umeme, na kuna inayopata umeme ila kioo hakioneshi kitu. Fundi alibonyeza swichi. Feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Lakini hakuiamini feni, maana feni huzunguka hata umeme ukiwa dhaifu. Akapima waya za pawasaplai kwa mita: ya njano volti 12, nyekundu 5, ya rangi ya chungwa 3.3. Zikipungua au kuzidi kwa zaidi ya asilimia 5, kosa limepatikana. Zilikuwa sawa. Boksi la pawasaplai lenyewe hakulifungua, kwani ndani yake mna kapasita zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Akahamia kwenye kioo. Alikichomeka kwenye kompyuta nyingine, kikaonesha picha. Kingekataa, angekimulika kwa tochi: picha ikionekana kwa unyonge ndani ya giza, kilichokufa ni taa ya nyuma tu. Na mahali palipopaswa kuwa peupe pangekuwa manjano, angekagua pini za kebo, kwa kuwa nyeupe ikikosa bluu hugeuka manjano.

Kilichofuata ndicho kilichonifurahisha zaidi. Alizima umeme, akachomoa ramu, kisha akaiwasha kompyuta bila ramu. Ikalia: pii, pii, pii. Mwalimu akashtuka, fundi akatabasamu. Kompyuta inayolalamika kwamba haina ramu, bodi na prosesa yake bado zina uhai. Akazima tena, akayasugua meno ya dhahabu ya ramu kwa raba ya kufutia penseli, akaipangusa, akaikandamiza mahali pake mpaka vishikizo vikafunga, akawasha. Kioo kikawaka.

Mwalimu alitia mkono mfukoni.

"Bado, Mwalimu," fundi akamwambia, akaiacha iendelee kuwaka. Baada ya nusu saa ikaganda.

Akasogeza taa juu ya bodi, akatuonesha kapasita tatu kando ya prosesa. Vichwa vyake, vinavyotakiwa kuwa bapa, vilikuwa vimevimba. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliugua hivyo, kwa sababu kapasita zake zilitiwa maji yasiyo imara. Akazitoa, akalehemu nyingine: mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za awali, zenye kuvumilia joto la nyuzi 105, kila moja ikiwa na mstari wake wa hasi upande unaostahili. Akaiwasha tena, akaenda kula. Aliporudi, kompyuta ilikuwa bado inafanya kazi, naye akaiacha saa nyingine nzima.

Katika kazi yote ile hakugusa vitu viwili kwa mpigo. Alikuwa akigusa kimoja, anawasha, anatazama, ndipo anahamia kingine. Kwa njia hiyo kila alichokiona kilikuwa na sababu moja tu, na kila shaka ilipoondoka iliondoka moja kwa moja. Mwenye pupa angebadilisha ramu, pawasaplai na kioo kwa pamoja, kompyuta ikawaka nusu saa, na kesho mwalimu akarudi akiwa amemaliza pesa ya shule huku kapasita zilezile zikiendelea kuvimba.

Bei ya kapasita tatu ni ndogo mno. Kazi ilikuwa kuzifikia. Kwa hiyo, msomaji, fundi wa namna hii akikurudishia kompyuta yako bila kipuri hata kimoja kipya, usimpunje. Mlipe saa zake. Na siku utakapompelekea, mweleze bila kuficha jinsi ilivyozima, kwa maana kazi yake huanzia hapo.