Kigawe na Kigawo: Irabu Moja katika Somo la Hesabu

Tunakusudia katika kurasa hizi chache kuchungua jozi moja ya istilahi iliyotufikia kutoka vitabu vya hesabu vya Tanzania: kigawe na kigawo. Kigawe cha namba nzima ni namba ipatikanayo kwa kuizidisha hiyo kwa namba nzima nyingine. Vigawe vya 4 ni 4, 8, 12, 16, na kuendelea pasipo mwisho. Kigawo chatazama upande wa pili: ni namba inayoigawa nyingine bila kubakiza kitu. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, basi.

Sasa tumfikirie mwanafunzi aliyeulizwa vigawe vya 12, naye akaandika 1, 2, 3, 4, 6, 12. Atanyimwa alama zote. Je, hajui hesabu? Hasha, ameikokotoa barabara. Ila amesikia o mahali pa e. Mwenzake afundishwaye kwa Kifaransa huambiwa multiple na diviseur, maneno yasiyofanana hata kwa herufi ya kwanza, na ajali hiyo haimpati kwa urahisi.

Hata hivyo tusikimbilie kuitupa jozi hii, kwani waliyoiunda waliijua sarufi yao. Kiishio -e hutaja aliyetendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa. Kigawe basi ni kile kinachogawanywa. Kiishio -o mara nyingi hutaja chombo: kifuniko ni cha kufunikia, kizibo ni cha kuzibia, na kigawo ni cha kugawia. (Mara nyingi, tumesema, si daima, wimbo si chombo cha kuimbia.) Asemaye kwamba 12 ni kigawe cha 4 amekwisha kusema kwamba 12 yagawanyika kwa 4. Mwalimu anayeziandika istilahi hizi ubaoni bila kuwaonyesha watoto kiumbe na kifuniko amewapa kufuli akabaki na ufunguo mfukoni.

Kasoro tunayoiona sisi ni nyingine. Mtoto hujenga vigawe kwa kuongeza: 6, kisha 6 tena, kisha 6 tena. Neno kigawe lamtaka aitazame safari hiyo kutoka mwisho wake, kwa njia ya kugawanya, ambayo pengine hajafundishwa bado. Ufupisho nao unakiri shida: Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika vyote vingekuwa KKS, ndiyo maana cha kwanza kimeandikwa KDS, kwa kuazima D katikati ya neno. Tena kidogo si sawa na kidogo kuliko vyote, na sifuri, ambayo ni kigawe cha kila namba, imeachwa nje kimyakimya.

Hapa Kiswahili cha Kongo, kinacholaumiwa mno na wapenda usanifu, kina jambo la kuwafundisha wengine. Kwetu 20 ni makumi mbili, 30 ni makumi tatu, 40 ni makumi ine. Kuhesabu kwenyewe ni kutaja vigawe vya 10. Katika ishirini, thelathini na arobaini, maneno yenye asili ya Kiarabu, mtoto hasikii mbili, tatu wala nne. Hana budi kuyakariri kama majina ya watu. Tunapomsahihisha mtoto wa Lubumbashi aseme thelathini (na kwa ajili ya mtihani huenda ikabidi) tujue kwamba tunamwondolea kielelezo alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Kwa mazoezi, hatuoni kifaa bora kuliko trei tupu ya mayai 30. Ina safu 5 za mashimo 6. Mtoto ajaze vijiwe safu kwa safu, akitaja jumla kila safu ijaapo: 6, 12, 18, 24, 30. Kisha aimwage, aigeuze ubavu, ajaze tena: 5, 10, 15, 20, 25, 30. Njia zote mbili zimefika 30. Hapo ndipo mwalimu aseme, kwa mara ya kwanza, kwamba 30 ni kigawe cha 6, tena ni kigawe cha 5. Neno kigawo lingoje siku trei ile itakapojaa tayari, na swali liwe ni safu ngapi zinazoweza kuigawa bila kijiwe kubaki.