MATE: jinsi eneokazi la zamani lilivyookolewa

Aprili 2011 mradi wa GNOME ulitoa toleo la 3.0 la eneokazi lake, na mtumiaji wa Linux aliyezoea GNOME 2 akawasha kompyuta na kukuta mazingira mageni. Zile menyu tatu za juu, Programu, Sehemu na Mfumo, zilikuwa zimeondoka. Orodha ya madirisha chini ya skrini nayo haikuwepo. Hata vitufe vya kushusha na kupanua dirisha viling'olewa, kikaachwa cha kufunga peke yake. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani, akahamia eneokazi jingine, Xfce.

Malalamiko hayo yameandikwa sana. Kazi ya ufundi iliyofuata haijapewa heshima yake.

Leseni ya programu huria ilimruhusu yeyote kuendeleza msimbo wa GNOME 2. Kikwazo kilikuwa majina. Kidhibiti faili kiliitwa Nautilus katika matoleo yote mawili, na kila kimoja kilitaka kukaa palepale kwenye diski: /usr/bin/nautilus. Huwezi kuviweka viwili kwenye mashine moja. Ndiyo maana mtumiaji mmoja wa Arch Linux kutoka Argentina, alipoanzisha MATE mwaka uleule, ilimlazimu kubadilisha majina kwanza. Nautilus ikawa Caja, gedit ikawa Pluma, Evince ikawa Atril, na Metacity, inayochora fremu za madirisha na kuyapanga, ikawa Marco. Jina la kwenye menyu ndilo rahisi. Maktaba, faili za mipangilio, huduma zinazojiendesha kimyakimya: vyote vilihitaji majina mapya, na kila programu iliyovitegemea ikaelekezwa upya. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, na bila hiyo hakuna ambacho kingesimama.

Watengenezaji wa Linux Mint, mojawapo ya mifumo ya Linux, walipita njia nyingine. Walichukua GNOME Shell, sura mpya ya GNOME 3, wakaijenga upya kuwa Cinnamon, wakarudisha upau wa chini na menyu ya kona juu ya msingi wa kisasa. Ni suluhisho zuri, ila liliendelea kutegemea uwezo wa kadi ya picha. Mwenye kompyuta kuukuu alibaki pabaya, hasa mwaka 2013 GNOME 3.8 ilipoondoa ile hali ya akiba iliyokusudiwa mashine dhaifu. Huyo MATE ilimfaa zaidi.

Lakini MATE ilirithi pia madeni. GNOME 2 ilisimama juu ya Bonobo na GConf, teknolojia ambazo waliozitengeneza walikuwa wameshazipa kisogo. Toleo la 1.6 la MATE, la mwaka 2013, liliziondoa na kuweka D-Bus na GSettings. Kisha ikaja kazi ngumu zaidi: kuhamisha kila programu kutoka GTK 2 kwenda GTK 3, maktaba inayochora vitufe, menyu na visanduku vyote. Ilichukua matoleo kadhaa, hadi 1.18 ya mwaka 2017 ilipoiacha GTK 2 kabisa.

Kwangu mimi huo ndio ufundi wa hali ya juu katika habari hii nzima. Karibu kila kilichoshikilia eneokazi kwa chini kilibadilishwa, na aliyesasisha mashine yake asubuhi alikuta menyu zake tatu zimekaa kona ileile ya juu kushoto, akaendelea na kazi.