Vanila Mara Mbili

Chupa ilifika Singida ikiwa imeviringishwa ndani ya sweta. Rafiki yangu wa darasani alikuwa amerudi kutoka Marekani, alikokaa muhula mmoja, akaniletea zawadi aliyosema inamfaa mtu anayejifunza kuandika tahakiki: stauti ya kiwanda kidogo, kilevi asilimia 13, iliyolazwa kwenye pipa la wiski ya Bourbon kisha ikatiwa vanila. Jina la kiwanda halitakusaidia, maana hutaikuta bia hiyo Singida wala Dodoma. Nilipanda nayo basi, nikaipakata kupita Manyoni na Ikungi, kwa sababu sikutaka kuinywea hosteli kwenye kikombe cha plastiki. Nilitaka kuinywa nyumbani, mbele ya watu wanaoijua pombe. Sikuwa nimefikiri vizuri watu hao ni akina nani.

Tuanze na bia yenyewe. Ni nyeusi tii. Ukiiinua mbele ya taa hupati hata mwanga mwekundu pembeni. Inamiminika polepole, kama mafuta ya alizeti asubuhi ya Julai. Povu lake ni la kahawia, dogo, na halikai. Ukiinusa unakutana na vanila kwanza, halafu chokoleti, halafu kitu kama zabibu kavu. Ukiinywa, utamu unatangulia, uchungu wa shayiri iliyokaangwa unafuata, na mwishoni kabisa, wakati umeshaweka glasi mezani, joto linakupanda kifuani. Hilo joto ndicho kilevi chenyewe. Katika bia nyingine kilevi hubisha hodi mlangoni; humu kimepitia dirishani, kimeshakaa sebuleni.

Ili kuihukumu kwa haki lazima tujue imetengenezwaje. Sheria ya Marekani inataka Bourbon ilazwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani kwa moto. Pipa likishatumika mara moja, haliwezi tena kutengenezewa Bourbon, basi huuzwa kwa wengine. Miaka ya 1990 kiwanda cha Goose Island cha Chicago kilianza kulaza stauti nzito ndani ya mapipa ya aina hiyo, na wengi wakaiga. Bia hukaa humo miezi mingi, ikinyonya wiski iliyobaki kwenye mbao na kunyonya mbao zenyewe. Na hapa ndipo penye jambo la kuvutia: mti wa mwaloni ukichomwa hutoa vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Yaani pipa pekee linatosha kuleta harufu ya vanila. Haihitaji kuongezwa.

Watengenezaji wa chupa yangu waliongeza. Waliweka vanila halisi, tunda la okidi iliyotoka Mexico, ambayo nje ya kwao haizai vizuri mpaka mtu aichavushe ua moja moja kwa mkono. Njia rahisi ya kufanya hivyo aliigundua Edmond Albius mwaka 1841, mtoto wa miaka kumi na miwili, mtumwa katika kisiwa cha Réunion. Wakulima wa Kagera na wa Uganda wanaolima vanila leo wanarudia kazi ya vidole vyake kila asubuhi ya msimu wa maua. Ni kiungo cha jasho, na ni ghali. Sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kwamba humu kimewekwa juu ya kitu kilichokuwa kinasema jambo lilelile kwa sauti ndogo. Vanila ya kwanza, ya mti, ina moshi na ukavu kidogo. Ya pili ni ya keki. Ya pili imeiziba ya kwanza mdomo. Inanikumbusha mshairi anayetupa sitiari nzuri, kisha kwa kuogopa kwamba hatutaelewa, anaifafanua katika ubeti unaofuata.

Hayo niliyaandika usiku wa kwanza, nikajiona mhakiki.

Bibi alikunywa nusu glasi, akakaa nayo mdomoni, akasema, "Mjukuu wangu, hii ni dawa ya kikohozi. Lakini nzuri." Akaomba nyingine kidogo. Bibi anaamini pombe ni chakula, na mtukuru wa uwele au mtama, mzito na mchachu, ndio kipimo chake cha vinywaji vyote. Kwake pombe ya kukaa pipani mwaka mzima ni pombe iliyosahauliwa. Mtukuru hunyweka ukiwa bado unachemka wenyewe. Kesho utakuwa mkali zaidi, keshokutwa siki. Huwezi kuuweka kabatini ukisubiri mgeni. Mgeni ndiye anayesubiri mtukuru.

Mama hakunywa. Mama hajagusa pombe wala kuipika tangu 2013. Kabla ya hapo aliipika tangu nikiwa darasa la pili, na mitaa ya kwetu ilimjua kwa mtukuru wake. Aliloweka mtama, akauotesha, akauanika, akausaga, akapika uji kwenye pipa lililokatwa, akaupoza, akatia kimea. Karo yangu ya sekondari ilitoka humo. Nilipokuwa kidato cha kwanza niliwaambia wenzangu kwamba mama anauza asali, kwa sababu asali ya Singida ina heshima na pombe ya Singida haina.

Aliacha baada ya mazishi ya mjomba, mdogo wake wa mwisho. Mjomba hakuuawa na mtukuru. Mtukuru ulikuwa wa jioni, na watu. Kilichommaliza ni gongo na viroba, alivyokunywa peke yake, asubuhi. Mwaka 2017 serikali ilipopiga marufuku pombe kali ya vifuko vya plastiki, Mama alisikiliza taarifa redioni akiwa anapepeta mchele, akasema tu, "Wamechelewa." Lakini hajawahi kujitoa katika hesabu. Anasema mtu hujifunza kunywa mahali, na mdogo wake alijifunzia uani kwake.

Kwa hiyo unaweza kufikiri alionaje nilipoipanga glasi mezani na kufungua daftari. Alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaja, akachukua glasi yangu, akaisogeza puani mara mbili, kama alivyokuwa akinusa kimea ili ajue kimekauka au bado.

"Wamechoma mti," alisema. "Kama kibuyu cha maziwa kinavyochomwa ndani kwa kijinga. Halafu wameogopa, wakaweka tamu."

Nilikuwa nimetumia kurasa mbili kusema hivyo.

"Ina nguvu kiasi gani?"

Nikamwambia asilimia 13.

"Na bia ya grosari?"

"Tano hivi."

Aliirudisha glasi mezani. "Basi ndiyo maana ya tamu," akasema, akaenda jikoni.

Nimelifikiria neno hilo mpaka leo, na limebadilisha tahakiki yangu. Mimi nilidhani vanila ya pili ni kosa la ladha, woga wa msanii asiyemwamini msomaji wake. Mama, aliyepika pombe miaka kumi na kuona walioinywa, aliona kazi inayofanywa na utamu: unaficha nguvu. Gongo haijifichi, inaunguza koo na kukuonya, hata kama hutasikia. Mtukuru unakushibisha kabla haujakuangusha. Hii inakubembeleza. Wanaoandika kuhusu bia za namna hii husifu hasa jambo hilo, kwamba huhisi kilevi, na wanalihesabu kuwa ufundi. Ni ufundi kweli. Lakini mhakiki anayesema kazi imefaulu kuficha kitu ana wajibu wa kusema imekificha nani asikione.

Sisemi bia hii ni mbaya, wala sisemi ni sumu. Chupa ile inauzwa ghali, inanywewa kwenye glasi ndogo, na wengi wanaoinunua wanagawana na wenzao. Ninachosema ni kwamba lugha niliyokuwa nimejifunza ya kuionja ilikuwa na maneno ya povu, rangi na harufu, na haikuwa na neno hata moja la mnywaji. Ya mama ilikuwa nayo. Aliweza kuitofautisha pombe ya watu na pombe ya mtu mmoja kwa kuinusa.

Kulipokucha niliikuta chupa imebaki robo. Bibi alikuwa ameiziba kwa gunzi. Povu lilikuwa limekwisha kabisa na bia imepata joto la chumba. Niliionja tena kwa ajili ya haki, na ikawa imebadilika: vanila ya keki ilikuwa imelegea, na chini yake ukatokea ule moshi mkavu, mti wenyewe. Kwa dakika chache ilikuwa bia bora kuliko ile ya usiku. Wanaoipa pointi kati ya mia wangefaa kusubiri hivyo kabla ya kuandika.

Mama alikuwa uani akifagia. Nilimwuliza kama siku moja angenionyesha jinsi ya kuotesha mtama, si kwa kuuza, ni kujua tu. Hakuacha kufagia.

"Kimea nitakuonyesha, mwanangu," alisema. "Kimea ni cha togwa pia."